Taa ya upepo wa tairi: usiizibe, na usitoe upepo tairi likiwa moto

Na Mkaguzi wa Magari, Mtwara

Kila ukaguzi wa magari unapoanza, hasa kuelekea Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, malalamiko ya aina moja hutufikia kutoka Mtwara Mjini, Masasi na Lindi. Ile taa ya njano inayofanana na tairi lililokatwa, yenye alama ya mshangao katikati, imewaka. Fundi ameongeza upepo, haizimiki. Au inawaka asubuhi, mchana inazimika yenyewe. Wapo walioibandika plasta. Wapo waliomlipa fundi aiue kabisa, kisha wanakuja kwetu wakisema gari halina tatizo.

Mifumo iko ya namna mbili. Wa kwanza una sensa ndani ya kila gurudumu, mara nyingi ikiwa imeshikana na vali. Sensa hiyo hupima upepo na kuituma taarifa kwa redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Betri yake imefungwa ndani na hudumu takriban miaka 5 hadi 10. Ikiisha, hubadilishwa sensa nzima. Ndiyo maana taa inayopepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, kisha ikatulia ikiwaka, kwa kawaida haisemi upepo umepungua. Inasema mfumo wenyewe una hitilafu. Fundi wa pancha aambiwe mapema kuwa kuna sensa, kwa sababu akiingiza chuma cha kubandulia tairi bila kujua, huivunja.

Mfumo wa pili haupimi upepo hata kidogo. Hutumia sensa za mwendo za breki za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge. Tairi lililopungukiwa upepo hupungua kimo kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko mengine. Kompyuta ikiona tofauti hiyo, inawasha taa. Kwa kuwa hulinganisha tu, matairi yote manne yakipungua pamoja, mifumo mingi ya aina hii haishtuki. Na ukishajaza upepo lazima uuambie mfumo uanze upya, kwa kitufe au kwenye menyu ya gari kama kitabu chake kinavyoelekeza. Wengi wanaolalamika kuwa haizimiki hawajafanya hivyo.

Marekani ililazimisha mfumo huu baada ya ajali za Ford Explorer zenye matairi ya Firestone. Sheria ilipitishwa mwaka 2000, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa nao. Ulaya ilikamilisha Novemba 2014. Japani haikulazimisha, kwa hiyo magari mengi yaliyotumika tunayoagiza kutoka huko hayana taa hii, na hilo si kosa la mwenye gari.

Sasa suala la joto, ambalo tumelieleza mara nyingi na bado linatusumbua. Chukua gari ambalo kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema upepo uwe kPa 220, yaani 32 kwa kipimo cha psi kinachosomwa kwenye geji. Kipimo hicho ni cha tairi baridi, gari likiwa limesimama walau saa tatu. Dereva ametoka Mtwara alfajiri, anafika Nangurukuru jua la saa saba, geji inasoma 37. Anaambiwa apunguze, yatapasuka. Anatoa mpaka 32. Si kweli kwamba yangepasuka! Mtengenezaji alishahesabu ongezeko hilo. Asubuhi tairi likipoa linabaki na 27 hivi, na taa bado iko kimya, kwa sababu kanuni ya Marekani inadai iwake upepo ukipungua kwa robo, yaani ukishuka hadi 24. Wiki chache baadaye, au msumari mdogo ukiingia, taa inawaka asubuhi. Safarini tairi likipata moto inazimika. Mwenye gari anasema sensa mbovu. Sensa ni nzima. Tairi lenye upepo pungufu ndilo linalojikunja zaidi ubavuni kwa kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto linaloachanisha tabaka zake mpaka lipasuke.

Kwa hiyo taa kutowaka si kibali cha kuendelea bila kupima. Na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, msiijazie hiyo.

Kuhusu sheria. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari lenye ubovu unaohatarisha watu kuwa barabarani. Mkaguzi huangalia tairi lenyewe: kashata (yale meno yanayogusa barabara), nyufa, uvimbe. Kosa likionekana, dereva huandikiwa notisi ya faini ya shilingi 30,000 yenye kumbukumbu namba, inayolipwa benki au kwa simu. Msimpe askari fedha mkononi. Anayechelewa deni lake huongezeka, na asiyekubali kosa ana haki ya kupelekwa mahakamani. Ikitokea ajali, gari hukaguliwa na matokeo huandikwa kwenye fomu PF 93, ambayo bima na mahakama huisoma. Tairi lililokimbia muda mrefu bila upepo wa kutosha huacha alama mabegani na ndani ya ubavu. Mkaguzi huziona, hata taa iwe imezibwa.

Malori ya korosho yanayoshuka kutoka Newala na Tandahimba, mengi hayana mfumo huu. Kwenye matairi pacha, moja linaweza kuwa tupu na mwenzake akabeba mzigo wote bila kuonekana kwa macho. Utingo apime yote kwa geji, la ndani pia, kabla gunia la kwanza halijapakiwa.