"Moreli Bandia" Si Moreli Duni

Moreli ni uyoga wa jenasi Morchella unaojiotea porini katika majira ya kuchipua, Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, mara nyingi chini ya miti ya elmu iliyokufa au mahali msitu ulipoungua mwaka uliotangulia. Kofia yake ina vishimo kama sega la nyuki. Maelezo hayo yatoshe, kwa kuwa kilichonifanya niandike ni jina "moreli bandia", ambalo nimelisikia kwa mara nyingine likielezwa kana kwamba ni moreli ya daraja la pili, yenye ladha hafifu lakini inayomfaa aliyekosa ile halisi.

Kosa hilo limejificha ndani ya neno lenyewe. Mtoto wa bandia ni mwanasesere, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kingine. Tukapata pia noti bandia, na viatu bandia ambavyo huvalika vizuri tu ila huchakaa mapema. Masikio yaliyozoea viatu hivyo husikia "moreli bandia" na kufikiria upungufu wa ubora. Uyoga, hata hivyo, hauna fundi anayeughushi. Unaoitwa hivyo kwa kawaida ni Gyromitra, jenasi nyingine kabisa, na sumu yake hugeuka mwilini kuwa monomethilihidrazini, kemikali ambayo wahandisi wameitumia kama fueli ya roketi. Jina la kisayansi nalo linapotosha: spishi maarufu zaidi inaitwa Gyromitra esculenta, na esculenta kwa Kilatini ni "inayolika". (Neno moreli, kwa upande wake, halina hila, limetokana na Kifaransa morille.)

Tofauti huonekana kwa kisu. Moreli ikipasuliwa kwa urefu, kuanzia ncha ya kofia hadi chini ya shina, ndani huwa na uwazi mmoja mtupu, na ukingo wa kofia umeshikana na shina. Gyromitra ina kofia yenye mikunjo kama ubongo, na ndani yake mna vijichumba na nyama iliyojikunja. Kuna na Verpa, jenasi nyingine ya uyoga, ambayo kofia yake imeshikwa kileleni tu na kuning'inia kama mwavuli. Hiyo nayo huitwa bandia, jambo linalozidisha mkanganyiko.

Wala "halisi" haimaanishi salama ikiwa mbichi. Mwaka 2023, mjini Bozeman katika jimbo la Montana, Marekani, watu 51 waliugua na 2 kati yao wakafariki katika mlipuko uliohusishwa na moreli za kweli zilizoliwa mbichi au bila kuiva vizuri.

Mimi ningependa tuseme jiromitra. Anayetaka kubaki na "moreli bandia" abaki nalo, maana limekwisha kuzoeleka. Ninachomwomba ni kwamba asiongeze kuwa ladha yake iko chini kidogo.