Kufufua karabai: maana yake nini hasa

Karabai ni taa ya mafuta inayowaka kwa upepo. Sisemi upepo wa baharini. Nasema upepo kama wa tairi la baiskeli, unaojazwa kwa pampu, ukakaa ndani ya tangi na kuyasukuma mafuta yapande juu. Hapo ndipo inapoachana na ndugu zake. Kibatari, ambacho Kenya wengi hukiita koroboi, kinanyonya mafuta kwa utambi na kutoa mwali wa njano wenye masizi. Chemli nayo ni utambi vilevile, ila imevishwa kioo. Karabai hainyonyi. Inavuma, inachoma, na mwanga wake ni mweupe kiasi kwamba ukiutazama moja kwa moja unabaki na doa jeusi machoni.

Jina lenyewe lina harufu ya kabaidi, yale mawe ya kijivu yanayotoa gesi ya asetilini yakidondoshewa maji. Zamani gesi hiyo iliwasha taa za baiskeli, za magari na za wachimba migodi. Taa za kabaidi zimekwisha, lakini sisi karabai tunayo, na ndani yake hakuna jiwe hata moja. Ni mafuta ya taa matupu.

Ulaya na Marekani taa hizi hukumbukwa zaidi kama taa za kambini, za watu waliokwenda kulala porini na mahema yao. Kwetu ilikuwa taa ya kazi na ya mkusanyiko: harusi, matanga, mahubiri ya usiku, duka la kijijini lililochelewa kufunga. Msimu wa kumbikumbi iliwashwa uani na karai la maji likawekwa chini yake, asubuhi watu wakakaanga. Na zaidi ya yote ilikuwa taa ya dagaa. Katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, siku za giza, wavuvi waliziwasha kwa safu mpaka ukisimama ufukweni ulidhani ng'ambo kuna mji. Taa za sola na betri zilipofika, karabai nyingi zikatupwa stoo. Ndiyo sababu leo unaweza kuikuta moja chini ya mitumbwi mibovu, imeota kutu ya kijani, kioo kimepasuka, na mwenyewe anakuambia chukua tu.

Unaichukua. Halafu unafanya nini?

Wengi huanza kwa kung'arisha. Ndimu na chumvi, au majivu, na kitambaa, mpaka shaba inameta. Kisha inawekwa sebuleni juu ya kabati. Ni pambo zuri, lakini mimi siiti hiyo kufufua. Kufufua karabai maana yake ni kuirudishia uwezo wa kushika upepo, kugeuza mafuta kuwa mvuke, na kuuwasha mvuke huo ndani ya wavu bila kuvujisha popote. Mambo hayo matatu yakikaa sawa, hata ikiwa nje imebonyea kama sufuria la mgahawa, taa iko hai.

Nianze na huo wavu, maana ndio unaowachanganya watu. Ni kifuko cheupe cha nyuzi kinachofungwa chini ya mdomo wa taa. Kwa mazoea tunakiita utambi, ijapokuwa hakinyonyi chochote. Siku ya kwanza unakichoma kikawa majivu, na hayo majivu ndiyo yanayotoa mwanga. Kifuko kinapotengenezwa huloweshwa chumvi za madini. Uzi ukiungua, madini yanabaki yameshika umbo lilelile, mepesi kama ganda la yai lililotafunwa na mchwa. Mwali wenyewe wa karabai ni wa buluu hafifu. Ukiondoa wavu, hauna mwanga wa kumtosha mtu kusoma barua. Unaupasha wavu moto, na wavu ndio unaong'aa.

Aliyebuni jambo hili ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Hataza yake ya kwanza ni ya mwaka 1885, lakini wavu wa mwanzo ulitoa mwanga wa kijani na ulivunjika upesi. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliofaa: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Thoriamu ina mionzi kidogo. Kuutazama wavu uliofungwa hakukudhuru, ila vumbi lake si la kuvuta puani. Kwa hiyo ukikuta wavu wa zamani umevunjika ndani ya kioo, usiupulize. Lowesha kitambaa, futa polepole, tupa, nawa mikono. Watengenezaji kadhaa wamehamia kwenye itriamu, madini yasiyo na mionzi, lakini ule wa kwenye pakiti ya zamani uhesabu kuwa ni wa thoriamu.

Sasa tuje kwenye upepo, ambako kazi yenyewe iko.

Niliyojifunzia mimi ilikuwa ya baba mdogo, aliyevua dagaa upande wa Ukerewe. Ni taa ya umbo la Petromax, ile ya Kijerumani iliyotoka Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 katika kiwanda cha Ehrich & Graetz. Jina lake limeunganishwa kutoka petroliamu na Max, yaani Max Graetz. Umbo hilo limeigwa kote duniani, na nyingi zilizofika kwetu ni nakala za China. Niliposhika pampu na kuisukuma, mkono ulikwenda chini kama kisu ndani ya siagi. Hakuna ukinzani wowote. Pampu isiyokinza haijazi.

Ukiichomoa pampu utaona mwishoni kikombe kidogo cha ngozi. Hicho ndicho kinachobana hewa. Ngozi ikikaa miaka bila mafuta hukauka, hunywea, ukingo wake ukaacha kugusa ukuta wa bomba. Dawa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: kitoe, kiloweke mafuta ya cherehani usiku kucha, asubuhi kipanue ukingo kwa kidole gumba polepole mpaka kifunguke kama ua, kirudishe. Mara nyingi pampu inarudi siku hiyo hiyo. Baba mdogo aliposikia nimekwenda mjini kutafuta pampu nzima mpya alicheka mpaka akakohoa.

Kosa langu la pili lilikuwa kwenye valvu. Chini kabisa ya bomba la pampu kuna kijivalvu chenye kipande cha mpira au koki, kinachoruhusu hewa iingie na kuizuia isirudi. Kikichoka, utaona mpini wa pampu unapanda wenyewe, au mafuta yanatapika kupitia tundu la pampu. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakipachika, nikajiona fundi. Wiki haikuisha. Mpira wa tyubu ukikaa ndani ya mafuta ya taa hunyonya, huvimba, ukawa laini kama ubani. Kinachotakiwa ni mpira unaostahimili mafuta, kama nitraili au Viton, aina ileile inayotumika kwenye oringi za pampu za mafuta za magari. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha, na muuza spea mwenye roho nzuri atakupa oringi mbovu ukate mwenyewe.

Baada ya hapo, pima kama fundi pancha. Tangi tupu, bila tone la mafuta, funga kila tundu, jaza upepo kidogo, lizamishe kwenye karai la maji. Mapovu yatakuonyesha mchawi: mara nyingi ni washa ya kifuniko, yaani pete ya kuzibia, au pale bomba la mvuke linapokutana na tangi, ambapo aina ya Petromax hutumia washa ya risasi. Washa ya risasi ikishabanwa imekwisha kazi. Ukilifungua bomba, weka mpya. Na upepo huo ujaze kwa pampu ya taa yenyewe, kwa mkono. Nimewahi kumwona mtu akiipeleka karabai gereji ijazwe kwa kompresa. Geji ya taa hizi ina mstari mwekundu kwenye baa 2 hivi. Kompresa ya matairi inavuka hapo kabla hujasema basi, na tangi lililochoka kwenye kiungo cha risasi litapasukia usoni pako.

Upepo ukishakaa, linabaki suala la mvuke. Mafuta yanapanda ndani ya bomba jembamba linalopita karibu na moto, yanachemka humo, yanatokea kwenye nozeli, kijitundu cha mwisho wa bomba, yakiwa mvuke mkavu, mvuke unavuta hewa na kuingia kwenye wavu. Bomba hili ndilo linaloziba. Kila usiku linaacha kaboni kidogo ndani, na baada ya miaka ya dagaa limejaa makaa. Dalili zake: taa inawaka vizuri dakika chache kisha inapunga, mwanga unapanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida. Kabla hujalilaumu bomba, angalia sindano. Ndani ya nozeli mna waya mwembamba kama unywele unaoinuliwa na kuteremshwa kwa kugeuza gurudumu la pembeni, ili kuzibua tundu. Ukivunjika, tundu halizibuliwi tena. Usichokonoe kwa sindano ya kushonea. Tundu likipanuka hata kidogo, mafuta yatatoka mengi kuliko hewa na wavu utakuwa mweusi kwa masizi. Nozeli mpya si ghali. Bomba lililojaa kaboni kabisa nalo ni heri kulibadili, kwa kuwa spea za umbo la Petromax bado zinatengenezwa, ingawa nyuzi za skrubu za nakala haziingiliani kila mara na za asili. Nenda dukani na kifaa chako mkononi.

Kioo ni jambo dogo: cha kawaida kikigongwa na tone la mvua kikiwa cha moto kinapasuka, cha mika, yale madini yenye matabaka yanayopitisha mwanga, hakipasuki ila hukwaruzika na kufifia.

Karabai za Kimarekani zinahitaji aya yao, kwa kuwa zinaletwa na watu wanaorudi kutoka huko na zinafanana mno kwa macho. Maarufu zaidi ni za Coleman wa Wichita, Kansas, na ipendwayo na wakusanyaji ni 200A, nyekundu, ya wavu mmoja, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1951 hadi 1983. Ukiigeuza, chini ya tangi kuna namba mbili: mwezi na mwaka. Ukiona 6 na 66, ilitoka Juni 1966. Ngozi ya pampu ni ileile, ulowekaji ni uleule. Lakini hii haikuumbwa kwa mafuta ya taa. Inatumia nafta safi, kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke haraka, ndiyo maana haipashwi moto kwanza kwa spiriti kama ya kwetu. Ukiitia mafuta ya taa, itatoa moshi na kukasirika. Hilo ni usumbufu tu. Kinyume chake ndicho kifo: petroli ndani ya karabai ya mafuta ya taa. Taa ile inawashwa kwa kumimina spiriti kwenye kikombe na kuipasha kwa moto wa wazi, na huo moto uko sentimita chache kutoka kwenye tangi. Kwa hiyo taa usiyoijua asili yake, jambo la kwanza ni kusoma imeandikwa mafuta gani. Ikiwa maandishi yamefutika, isiwashwe mpaka umeijua.

Kuhusu sura, nina msimamo wangu. Tangi la shaba lenye ganda la nikeli usilipige brashi ya waya, utaling'oa ganda ambalo halirudi. Sabuni, maji ya vuguvugu, kitambaa. Kutu ya kijani iondoe kwa ndimu kisha suuza sana, maana asidi ikibaki inaendelea kula. Rangi mpya siipendi. Ya baba mdogo ina alama ya kamba pembeni, pale ilipofungwa kwenye mtumbwi miaka yote ile, nami nimeiacha.

Siku ya kwanza ya kuiwasha, ipeleke uani. Si kwa ajili ya moto tu: inakula hewa ya chumba na inaweza kutoa hewa ya sumu, kwa hiyo ndani ya nyumba iliyofungwa au hema haina nafasi. Jaza mafuta robo tatu, upepo unahitaji nafasi. Funga wavu, uchome. Mimina spiriti, iache iwake mpaka inakaribia kuisha, pampu kidogo, fungua kwa gurudumu la pembeni. Itapiga chafya mara mbili tatu, mwali utaruka juu, kisha utasikia sauti ikitulia kuwa mvumo mmoja mrefu na uani kwote kutakuwa mchana. Endelea kupampu huku ukiangalia geji.

Kuizima usipulize, haizimiki hivyo. Unageuza gurudumu kishale kitazame juu, nozeli inafunga, halafu unalegeza skrubu ya upepo. Tangi linapumua, wavu unakuwa wa njano, unakuwa mwekundu, unapotea, na kwa muda hamuonani.