Mita 60 za mto ni nini hasa, na Pangani zinaihusu vipi

Tangu mambo ya daraja la Pangani yaanze, lile la mita 525 la kuunganisha mji na Bweni ng'ambo ya mto kwenye barabara ya Tanga – Pangani – Makurunge, kila mtu kawa mtaalamu wa viwanja. Na kila mtaalamu ana mita 60 zake mfukoni. Dalali anakwambia kiwanja kiko nje ya mita 60 kwahiyo maji hayafiki, lipa advansi. Mwingine anasema ukiwa ndani ya mita 60 hiyo ardhi ni ya serikali hata kama una hati. Wa tatu, na huyu ndo ananimaliza kabisa, anasema mji wa Pangani hautakuja kukua sababu ya mita 60. Watu watatu, mita ni zilezile, na wote wamekosea kila mmoja kwa njia yake.

Haraka haraka basi. Mita 60 ni ukanda wa kulinda maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au ambazo kwa aina yake zinaweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa la asili, ukingo wa mto na bwawa. Maana yenyewe ndo hiyo, imeisha. Kinacholindwa hapo ni mto dhidi yako, sio wewe dhidi ya mto. Hiyo sentensi ikieleweka nusu ya ubishi wote wa vijiweni unakufa.

Sasa kuna kineno kimoja ndani ya kifungu watu wanakiruka, "au". Wengi wanasoma "za kudumu" wanaishia hapo, alafu wanasema mi sijajenga, nafyatua tu matofali hapa ukingoni, nachota mchanga, nalima mchicha. Ndugu yangu, matofali hayadumu sawa, lakini lile shimo unaloliacha linakula ukingo, mvua ikija udongo wote mtoni. Hiyo ndo kazi ya "au". Upande wa pili kuna anayedhani mita 60 ni eneo la kutokanyaga kabisa, hata nyavu zisianikwe, hata ngalawa isivutwe juu ikakalafatiwe, yaani izibwe nyufa. Hapana. Chombo kikikalafatiwa leo kesho kinaondoka na maji. Na kifungu hichohicho kimempa Waziri nafasi ya kuweka miongozo ya shughuli gani zifanyike ndani ya ukanda, kwahiyo hata ukanda wenyewe haujatengenezwa uwe jangwa.

Huu mkanganyiko wa "ni ya serikali" umetoka mbali kidogo. Miaka mitano kabla ya sheria ya mazingira kulikuwa tayari na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na yenyewe imetaja mita 60, lakini kwa habari nyingine kabisa. Kifungu cha 7 kinaongelea ardhi hatarishi, na kwenye orodha yake kuna mabwawa ya mikoko, miteremko mikali, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Angalia vizuri: mto na ziwa, mita 60 za bahari hazimo kwenye orodha hiyo, zimekuja na sheria ya 2004. Na angalia tena: ile ya 1999 inasema Waziri ANAWEZA kuitangaza hiyo ardhi kuwa hatarishi, na kuna utaratibu wake, watu wanapewa taarifa, wanasikilizwa, ndipo tangazo linatoka, na ikishatangazwa inaingia kwenye kundi la ardhi ya hifadhi, ile inayotengwa kwa matumizi maalumu. Bila tangazo haijawa ardhi hatarishi kisheria, hata kama kwa macho unaona kabisa ni hatari. Ile ya 2004 haisubiri tangazo, inakubana kwenye matumizi palepale ulipo.

Kwahiyo ni namba moja, sheria mbili na kazi mbili. Moja inakwambia usifanye nini hapo. Nyingine inaweza kubadilisha hadhi ya ardhi yenyewe. Kuzuiwa kujenga sio kunyang'anywa. Unaweza kuwa na haki kwenye kipande na bado huruhusiwi kukimwagia zege, kama ambavyo una haki kwenye kiwanja cha makazi na bado huruhusiwi kufungua gereji ya malori. Watu wa Dar mtanielewa zaidi, maana tangu yale mafuriko ya Desemba 2011 na watu kuhamishiwa Mabwepande, na baadaye bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 kule bonde la Msimbazi, zile X nyekundu ukutani zimefanya mita 60 na greda viwe kitu kimoja kichwani mwa watu. Ndo maana mtu wa Pangani akisikia "mita 60" anawaza nyumba ya bibi yake iliyopo mtoni tangu hajazaliwa. Nyumba za zamani ni mjadala wake, na mrefu, sitauweza hapa, ila tukumbushane tu kwamba mji ambao Wajerumani walimnyongea Abushiri mwaka 1889 haukujengwa kwa kukaidi sheria ya 2004.

Tuje kwenye linaloniuma. Mita 60 kutoka wapi?

Kifungu kinasema ukingo wa mto. Watu wanapima kutoka kwenye maji. Kwa mto wa bara, pale Korogwe mathalan, tofauti yake inaweza isikuumize kichwa sana kipindi cha kawaida, lakini Pangani mjini sio bara, ni mlangoni pa bahari, mto unapanda na kushuka na maji ya bahari mara mbili kwa siku. Kipindi cha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, pwani yetu maji yanapanda mita tatu na zaidi kutoka kupwa mpaka kujaa. Chukua ukingo uliolala taratibu, ule wa tope ambao kila ukienda mita 20 unashuka mita moja. Maji yakipanda mita tatu, mstari wa maji umesogea mita 60 kuja kwako. Yaani ukanda wako wote umeisha ndani ya masaa sita, bila mvua, bila mafuriko, siku ya kawaida tu ya mwezi mpevu! Sasa dalali alikupeleka saa ngapi? Kama mlienda maji yakiwa yamepwa, mizizi ya mikoko iko nje, vidau vimelala ubavu kwenye tope, akaanza kuhesabu hatua kutoka hapo penye maji, basi mwisho wa mita zake 60 ndo mwanzo wa mita za sheria.

Na usije ukamuuliza baadaye, atakwambia alipima.

Wenzetu Kenya kwenye hili waliandika vizuri zaidi, kusema ukweli. Kanuni zao za ubora wa maji za 2006 zilitoa mita 6 mpaka 30 kila upande kutegemea upana wa mto, pungufu kuliko zetu, lakini zilihesabiwa kuanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mita chache zenye mwanzo unaojulikana. Sisi tuna nyingi, alafu kila mtu anaanzia anapopenda.

Alafu ukingo wenyewe hautulii. Anayeijua Pangani anakijua Maziwe, kile kilikuwa kisiwa chenye miti, sasa hivi ni fungu la mchanga, maji yakijaa halipo. Pale mjini imebidi ujengwe ukuta kuzuia bahari isiendelee kula. Mchanga unahama na kusi unarudi na kaskazi, mdomo wa mto unabadilika umbo, na ukingo wa mwaka uliopimiwa kiwanja sio lazima uwe ukingo wa mwaka unaojenga.

Nirudi kwa dalali wetu na "hakifuriki". Mita 60 ni umbali. Mafuriko hayajali umbali, yanajali kimo. Simama upande wa mji, mchanga tambarare, unaweza ukawa mita 300 kutoka mtoni na uko chini kuliko jirani aliyepo mita 80, maji yatampita yeye yaje kwako maana kuna kijibonde nyuma ya nyumba yako ambacho jua likiwaka hakionekani. Vuka pantoni nenda Bweni, kule kuna kilima, unapanda kidogo tu tayari unauangalia mji wote kwa juu na mto uko chini ya miguu yako, unaweza kuwa ndani ya mita 60 kabisa na maji yasikufikie mpaka kiyama. Na bado huruhusiwi kujenga hapo! Kwasababu, narudia, hukuzuiliwa kwa ajili ya usalama wako. Ukikata miti ya mteremko ule udongo unashuka mtoni. Kujua panapofurika ni kazi ya ramani ya mafuriko na vipimo vya mwinuko, na mji ukiamua kuvitumia unaviweka kwenye mpango kabambe, ule mpango mkuu wa kuendeleza mji. Hicho ni kitu kingine, kina jina lake, tusikiite mita 60.

Sasa yule wa tatu, wa mji hautakua. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Ukanda wa mita 60 kwa urefu wa kilomita moja ya mto ni hekta 6. Ekari kama 15. Ongeza na za upande wa bahari, ongeza kilomita nyingine, bado unaongelea kipande kidogo ukilinganisha na kinachoubana mji kwelikweli. Mashariki bahari, kusini mto, hivyo viwili havina afisa ardhi wa kumwomba. Kuna mikoko, na mikoko Tanzania ni msitu wa hifadhi tangu enzi za mkoloni, saa hizi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, hata hiyo haitokani na mita 60. Geuka bara unakutana na minazi na mashamba ya mkonge, na shamba la mkonge linahesabiwa kwa mamia na maelfu ya hekta, lina hati ya miaka mingi, ukitaka kukata viwanja humo ni mpaka mwenyewe akubali au hati ifutwe kwa utaratibu, na zote mbili ni safari ndefu. Ndo maana mji unajivuta kama uzi kufuata barabara ya Tanga badala ya kutanuka.

Na kitu ambacho sijamsikia mtu hata mmoja akikitaja kwenye hizi stori za viwanja: maji ya kunywa. Mto huo mkubwa wa kutoka Kilimanjaro na Meru unafika Pangani umeshatumika njia nzima, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mashamba ya umwagiliaji, kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na maji baridi yakija machache, ya chumvi yanapanda kutoka baharini yanaingia ndani zaidi ya mto. Kwahiyo unakuwa na mto mlangoni usioweza kuuchota. Uza viwanja elfu, vyote nje ya mita 60, vyote vimepimwa na bikoni zake, alafu niambie wanaokuja wataoga nini.

Sisemi mita 60 hazina maana, zina maana sana, na daraja likikamilika presha ya kujenga mtoni itakuwa mara kumi, mahoteli yote yanataka mandhari. Nasema tu zitajwe kwa kazi yake. Anayekuuzia akisema "kiko nje ya mita 60", mwambie kwa upole sawa kaka, zimeanzia kwenye maji yapi, ya kupwa au ya bamvua, alafu kiwanja kina mwinuko gani, na kwenye mchoro wa mipango miji wa halmashauri kimeandikwa ni cha nini. Akikujibu vyote vitatu kaa naye muongee bei. Akisema "aah hayo ni mambo ya wataalamu", basi nendeni wote kwa huyo mtaalamu, ofisi ya ardhi ya wilaya ipo.