Goblini hakuzaliwa wa kijani

Mpe kijana anayecheza gemu karatasi, mwambie achore goblini, kile kiumbe cha kubuni cha hadithi za Ulaya. Ataanza na penseli ya kijani: masikio yaliyochongoka, meno ya msumeno, kimo cha kukufika kiunoni. Mengi ya hayo ni ya juzi. Hizi hapa dhana nne potofu kumhusu.

Dhana: ni wa kijani tangu enzi. Katika shairi la Christina Rossetti la mwaka 1862, goblini wauza matunda hata hawafanani: mmoja ana uso wa paka, mwingine anatikisa mkia, mwingine anatambaa kama konokono. Rangi ya kijani ilizoeleka hasa kuanzia miaka ya 1980 kupitia Warhammer, mchezo wa vita wa mezani kutoka Uingereza, na gemu za kompyuta zikairithi.

Dhana: goblini ni mdogo wake orki, kiumbe katili mwingine wa hadithi za kubuni. Kwa Tolkien, aliyeandika riwaya ya The Hobbit (1937), ni kiumbe yuleyule kwa majina mawili. Waliowatenganisha ni watunga michezo.

Dhana: ni adui wa kuuawa tu. Hapa gemu zimemwonea. Karne ya 12, mtawa Orderic Vitalis aliandika habari za pepo wa mji wa Évreux, Normandy, ambaye wenyeji walimwita Gobelinus. Alijigeuza maumbo mbalimbali, lakini hakudhuru mtu. Goblini wengi wa hadithi za kale ni wasumbufu kuliko wauaji. Ndiyo maana kumtafsiri "zimwi" kunanikera kidogo. Zimwi letu humeza watu.

Dhana: ni porojo za watoto, haziachi alama. Waulize wachimba madini wa Saksonia, Ujerumani. Walikuwa wakikuta mawe yanayong'aa kama yana madini ya fedha. Wakiyachoma, fedha haitoki. Unatoka moshi wa aseniki unaowakaba koo. Lawama zikamwangukia kobold, binamu wa Kijerumani wa goblini: kaiba fedha, kaacha sumu. Miaka ya 1730 mkemia wa Sweden, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya mawe ya aina hiyo mna metali mpya. Jina la mtuhumiwa likabaki: kobalti.

Leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, kwa Waswahili wenzetu, na nyingi huishia kwenye betri, zikiwemo za simu. Mchimbaji wa Kolwezi, mji wa Lualaba, anayeinua gunia begani amembeba kobold, awe anamjua au hamjui.