Mchanga wa Watamu: anza na jiwe

Asubuhi moja nilikuwa nimepiga goti ufuoni Watamu, pwani ya Kenya, jicho kwenye kamera, mzee mmoja akapita akienda kutoa maji yaliyoingia mtumbwini mwake. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Sasa wapiga picha mchanga, watu wameisha?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Picha nyingi za mchanga, zangu za miaka ya mwanzo zikiwemo, ni mistari mizuri isiyo na mwenyewe. Unaitazama, unaguna, unapita.

Siku hizi naanza na jiwe. Miamba ya Watamu ni matumbawe ya kale, yaliyojengeka yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mawimbi yameila kwa chini mpaka visiwa vidogo vya ghubani vimekuwa kama uyoga. Maji yanapokupwa hayana budi kuyazunguka mawe haya. Mbele ya jiwe yanachimba kidimbwi, nyuma yake yanaacha mkia wa mchanga unaoelekea baharini. Hata gamba la kombe hufanya vivyo hivyo, ila mkia wake ni wa urefu wa kidole. Kwenye visiwa mambo hunoga zaidi: wimbi likigonga hupinda pande zote mbili na kujikuta tena nyuma, upande wa nchi kavu. Hapo viwimbi vya mchanga hukatana, ukadhani mtu katandika mkeka.

Kwa hiyo nikiona mchoro ninaoupenda, naufuata mpaka kwa aliyeuchora, kisha natafuta pa kusimama ili wote wawili waingie. Mstari uanzie pembe ya chini ya picha, umpeleke mtazamaji mpaka kwenye jiwe. Mstari unaokatiza picha kutoka ubavu hadi ubavu ni kama boriti mlangoni, nauepuka.

Urefu wa kamera ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Ukiiweka chini mno, viwimbi vinafichana na mchanga unageuka michirizi. Ukiinua mno, jiwe linazama katika weusi wa miamba ya nyuma. Mimi huanzia kiunoni, kisha nashuka taratibu mpaka kichwa cha jiwe kikate mstari wa bahari na mbingu, nasimama hapo hapo. Anga naipa ukanda mwembamba tu. Lenzi pana ya milimita 24, tundu la lenzi f/11, fokasi kwenye mita 2: kila kitu kuanzia mita 1 hivi mbele yangu mpaka upeo wa macho kinatoka safi.

Sasa saa, na hapa pwani yetu ina ujanja wake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Ukienda saa nne kwa sababu ufuo wote uko wazi, umekwenda kupiga karatasi nyeupe. Fanya hesabu: kiwimbi cha sentimita 1, nusu saa baada ya jua kuchomoza, jua likiwa kama digrii 7, kina kivuli cha sentimita 8. Jua likifika digrii 30, saa mbili tu baada ya kuchomoza, kivuli hakifiki hata sentimita 2. Karibu na ikweta jua halina subira, linapanda moja kwa moja. Basi nafika gizani, nayafuata maji yanavyorudi nyuma. Mchanga yanaouacha bado una maji juu yake na haujakanyagwa na mtu. Kwa kuwa bahari iko mashariki, jua liko mbele yangu na vivuli vinanijia.

Kukanyaga, naam. Nyayo nyingi zilizoniharibia picha ni zangu mwenyewe. Siku hizi nasimama mbali, naamua njia nitakayopita, ndipo nasogea. Na stendi ya kamera isukumwe ndani ya mchanga kwa nguvu kabla ya kupiga. Usipofanya hivyo maji yatakufanyia: wimbi moja dogo, mguu mmoja unazama, na picha ya sekunde mbili imetikisika.

Mchanga mweupe nao huidanganya kamera, ikautoa wa kijivu kama majivu. Naongeza mwangaza kidogo, nikichunga mng'ao wa maji usiungue ukawa weupe mtupu.

Mzee aliporudi nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kimya, kisha akaweka kidole kwenye mkia wa mchanga nyuma ya jiwe.

"Mkondo huu naujua," akasema. "Ndiko nipitako nikitoka."