Mkongo wa Pasifiki wa 1902: nani hasa aliulipia, na dhana zinazopaswa kusahihishwa

Tarehe 31 Oktoba 1902 ulikamilika mkongo wa telegrafu, yaani waya wa chini ya bahari wa kupeleka ujumbe kwa umeme, uliokatiza Bahari ya Pasifiki. Ulianzia Bamfield, kwenye kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, ukapita kisiwa cha Fanning, Suva huko Fiji na kisiwa cha Norfolk. Hapo uligawanyika: tawi moja likaenda Southport, Queensland, nchini Australia, na jingine Doubtless Bay, New Zealand. Gharama yake ilibebwa na serikali kadhaa kwa pamoja, na hapo ndipo maelezo mengi yanapokosea.

Dhana: London ililipa, makoloni yakapokea

Ukweli: Deni liligawanywa katika mafungu 18. Uingereza ilibeba 5, Kanada 5, na New South Wales, Victoria, Queensland na New Zealand zikabeba 2 kila moja. Kwa hiyo mafungu 13 kati ya 18 yalikuwa juu ya makoloni yenyewe. Zilikopwa pauni milioni 2 kwa riba ya asilimia 3, zilipwe kwa miaka 50. Malipo ya mwaka yalikuwa karibu pauni 77,500, yaani fungu moja lilikuwa kama pauni 4,300. Hasara ya mwaka nayo iligawanywa kwa mafungu yaleyale. Bodi ya Mkongo wa Pasifiki ilikuwa na wajumbe 8: watatu wa Uingereza, wawili wa Kanada, wawili wa Australia na mmoja wa New Zealand.

Makoloni ya Australia yalikubali mgawo huo yakiwa bado kila moja na hazina yake. Yalipoungana tarehe 1 Januari 1901, serikali ya shirikisho ilirithi mafungu yote 6.

Dhana: makoloni yote ya Australia yaliutaka mkongo huu

Ukweli: Australia Kusini haikuchangia, na sababu yake ilikuwa ya kifedha. Tangu 1872 ilimiliki laini ya nchi kavu kutoka Adelaide hadi Port Darwin, ambako ilikutana na mkongo wa kampuni uliotoka Java. Kila neno lililopita huko liliiingizia pesa. Kuchangia mkongo wa Pasifiki kungekuwa kujikata mguu. Australia Magharibi na Tasmania nazo zilibaki nje.

Jambo zito zaidi lilitokea Januari 1901. New South Wales, ambayo ilikuwa mmoja wa wenye mafungu, ilitia saini mkataba na kampuni ya Eastern Extension, mshindani mkuu wa mkongo ule, na kuiruhusu ifungue ofisi yake na kupokea simu (ujumbe wa telegrafu) moja kwa moja kutoka kwa wateja ili nayo ishushe bei. Kwa maoni yetu hili liliuumiza mkongo kuliko dhoruba yoyote. Mwenye hisa alimfungulia mpinzani mlango kabla waya haujafika baharini. Upungufu wa miaka ya mwanzo ulitokana kwa sehemu kubwa na ushindani huo.

Dhana: serikali "kufadhili" mkongo ni kuumiliki

Ukweli: Kulikuwa na njia tatu, na kuzichanganya ndiko kunakozaa makosa mengine mengi.

Ya kwanza ni ruzuku: serikali inailipa kampuni kiasi fulani kila mwaka, na mkongo unabaki mali ya kampuni. Pwani yetu iliingia katika mtandao kwa njia hii. Januari 1879 jeshi la Uingereza lilipigwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari zikachukua majuma kufika London kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na mkongo. Mwaka huohuo kampuni ya Eastern and South African, iliyopewa ruzuku ya serikali, ilitandaza waya kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji na Durban. Sultani Barghash aliipa kampuni kisiwa cha Bawe kiwe kituo. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, kwa Waswahili lilikuwa la telegrafu kabla ya kuwa la kuzungumzia.

Ya pili ni dhamana. Hadi 1891 neno moja kutoka Australia hadi Uingereza liligharimu shilingi 9 na peni 4. Makoloni kadhaa yaliahidi kufidia nusu ya pato ambalo kampuni ingepoteza, nayo ikashusha bei hadi shilingi 4. Pato lilishuka kuliko ilivyotarajiwa, na 1893 bei ikapanda hadi shilingi 4 na peni 9.

Ya tatu ni umiliki wa pamoja, nao ndio wa mkongo wa 1902. Bei ilifika shilingi 3 mkongo huo ulipofunguliwa.

Dhana: Fanning ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo njia fupi

Ukweli: Hawaii ndiyo iliyokaa vizuri, lakini sharti lilikuwa waya uguse ardhi ya Uingereza tu. Kulikuwa na mpango wa kukichukua kisiwa cha Necker, ila serikali ya Hawaii ilikiwahi Mei 1894. Ikabaki Fanning, na kipande cha Bamfield hadi Fanning kikawa na karibu maili za bahari 3,460, yaani zaidi ya kilomita 6,400 bila kituo njiani.

Dhana: waya mrefu unahitaji volti nyingi

Ukweli: Kosa hili liliua mkongo wa Atlantiki wa 1858. Wildman Whitehouse, fundi wa umeme wa mkongo huo, aliupa umeme wa karibu volti 2,000, na baada ya majuma kama matatu ukanyamaza.

Tatizo la mkongo mrefu ni ucheleweshaji. Shaba iko ndani, maji ya chumvi nje, na katikati kuna gutaperka, utomvu wa miti ya nchi za Malaya. Hivyo waya mzima hujaa chaji kisha huitoa taratibu, na alama moja humwagikia nyingine. Mwanafizikia William Thomson alionyesha kwamba urefu ukizidi mara mbili, ucheleweshaji huzidi mara nne. Dawa ni kuongeza shaba na kuzidisha unene wa gutaperka. Mkongo wa 1858 ulikuwa na ratili 107 za shaba kwa maili. Kipande cha Bamfield hadi Fanning kilikuwa na ratili 600 (kilo 272) za shaba na 340 (kilo 154) za gutaperka kwa kila maili: shaba pekee ilizidi tani 900. Meli Colonia ndiyo iliyokitandaza kipande hicho.

Dhana: sehemu ya kina kirefu ndiyo inayohitaji waya mnene zaidi

Ukweli: Ni kinyume. Kilindini kumetulia. Ufukweni kuna nanga, mawimbi na matumbawe yanayosugua, kwa hiyo nyuzi za chuma za kukinga huwa nene zaidi huko.

Dhana: ujumbe ulipita wenyewe kutoka mwisho hadi mwisho

Ukweli: Katika kila kituo mtumishi alisoma mstari wa wino uliochorwa na mashine ya kupokelea, kisha akautuma upya kwa mkono. Tarakimu moja ikisomwa vibaya Fanning, ilisafiri na kosa lake hadi Southport.

Pia ilimaanisha kwamba kituo kimoja kikizimwa, njia yote inakatika. Tarehe 7 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Nürnberg ilifika Fanning ikipeperusha bendera ya Ufaransa. Mabaharia wake waliukata waya na kuvunja mitambo.

Dhana: mali ya umma ilibaki ya umma

Ukweli: Mwaka 1926 bodi iliongeza mkongo wa pili wenye kasi zaidi kutoka Bamfield hadi Suva. Mwaka huohuo redio ya mawimbi mafupi ilianza kubeba simu kati ya Uingereza na Kanada, na 1927 kati ya Uingereza na Australia, kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka 1929 mikongo ya bodi ilikabidhiwa kampuni mpya iliyounganisha redio za kampuni ya Marconi na mikongo ya kundi la kampuni za Eastern. Ndiyo kampuni iliyochukua pia waya wa Zanzibar, na tangu 1934 ikaitwa Cable and Wireless.