Adhabu ya kusafirishwa: Waingereza walivyowapeleka wafungwa Australia

Ukisikia Australia ilianza kama koloni la wafungwa unaweza kudhani ni gereza moja kubwa lenye ukuta na maaskari kila kona, sasa haikuwa hivyo. Adhabu yenyewe ilikuwa kukuondoa nchini. Jaji anakupa miaka 7, au 14, au maisha, unapakiwa melini, unavushwa bahari na huko unapigishwa kazi mpaka muda wako uishe, ukithubutu kurudi Uingereza mapema ukidakwa kamba ya shingo inakuhusu. Na wengi wala hawakuwa majambazi, ni vibaka tu wa nguo na vitu vidogo vidogo, japo 1834 kuna vibarua 6 wa mashambani huko Tolpuddle walipewa miaka 7 kisa wameapishana kwenye chama chao cha wafanyakazi.

Mwanzoni walikuwa wanapelekwa Marekani, kuanzia 1718 hivi walipelekwa kama 50,000, wengi Virginia na Maryland, alafu Wamarekani wakaanzisha vita ya uhuru na mlango ukafungwa. Magereza yakafurika mpaka watu wakafungiwa kwenye meli mbovu pale mto Thames. Ndo mwaka 1787 meli 11 zikaondoka Portsmouth chini ya Kapteni Arthur Phillip, na tarehe 26 Januari 1788 bendera ikapandishwa pale ilipo Sydney leo. Ardhi ilikuwa na wenyewe, Wagadigal, na hakuna aliyewauliza chochote.

Msafara wa pili, wa 1790, ndo ulikuwa balaa. Tenda walipewa wafanyabiashara waliozoea kusafirisha watumwa, na mkataba ukasema wanalipwa kwa kila kichwa kinachopakiwa, sio kinachofika salama! Yaani mfungwa akifa njiani hela umeshakula na chakula chake kimebaki. Walipakiwa kama 1,000, karibu robo wakafia baharini. Baadae serikali ikashtuka, sehemu ya malipo ikawa mpaka mtu afike hai, na kuanzia 1815 kila meli ikawa na daktari mwenye mamlaka, vifo vikapungua sana. Kumbe tatizo halikuwa bahari.

Ukishafika unapangiwa kazi, ama ya serikali kama barabara na majengo, ama unakabidhiwa kwa mlowezi umlimie au umfulie, malipo ni chakula na nguo. Ukitulia unapewa kibali cha kujitafutia kazi mwenyewe ila ndani ya wilaya yako tu. Ukileta ukorofi ni viboko, au unatupwa Norfolk Island au Port Arthur, na huko sasa ndo kulikuwa jela kweli kweli. Kuna msanifu majengo anaitwa Francis Greenway, alihukumiwa kwa kughushi hati, akafika Sydney akawachorea majengo ya serikali, na miaka mingi baadae Australia ikaweka sura yake kwenye noti ya dola 10. Mtu wa kughushi, kwenye noti!

Muda ukiisha uko huru, ila nauli ya kurudi ni juu yako, kwa hiyo miaka 7 kwa wengi iligeuka kuwa ya maisha.

Usichanganye hii na ya Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa mwaka 1899 na baadae kupelekwa Seychelles, wale walikuwa watawala walioondolewa kisiasa.

Kwa ujumla Australia ilipokea wafungwa kama 162,000, wanawake kama 25,000. Kilichochangia kuimaliza ni dhahabu, maana ilipopatikana 1851 watu huru wakawa wanajilipia nauli kwenda kule, sasa mwizi utamtishaje kwa kumpeleka bure kwenye dhahabu? Tasmania ikafunga 1853, ikabaki Australia Magharibi iliyokuwa inalilia nguvu kazi, na meli ya mwisho, Hougoumont, ikashusha watu Fremantle Januari 1868.